Yafaa Wanafunzi Wafundishwe Kuzungumza na Seva

Katika maabara nyingi za kompyuta mashuleni imezoeleka desturi moja mbaya: seva ikigoma, waya huchomolewa ukutani, hungojewa kidogo, kisha hurudishwa. Mwanafunzi aonaye jambo hilo mara tatu huamini kwamba ndiyo elimu ya kompyuta.

Na ichukuliwe shule iliyo Endagikot, katika nyanda za juu za Mbulu. Seva yake ni moja. Ndiyo itunzayo alama za maendeleo ya wanafunzi, ndiyo igawayo anwani kwa kompyuta za maabara, na ndiyo ihifadhiyo kazi za kila kidato. Fundi akiitwa kutoka Arusha hupita Makuyuni na Karatu kabla ya kuifikia Mbulu, na nauli yake si ndogo. Waya ukichomolewa wakati programu ya kumbukumbu imo katikati ya kuandika, alama za muhula mzima zaweza kubaki nusu nusu. Ni kweli kwamba programu nyingi za siku hizi huandika kwanza shajara ya kile zinachokusudia kukifanya, ili zipate kujirekebisha baada ya ajali. Lakini si zote zifanyazo hivyo, wala diski yenyewe haitoi ahadi hiyo.

Programu zitendazo kazi hizo hazionekani kwenye kioo. Huanza kompyuta iwashwapo, nazo hungoja chini kwa chini hadi ziombwe huduma. Wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, waliziita dimoni mnamo mwaka 1963, wakikumbuka kiumbe wa kufikirika aliyebuniwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1867, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua molekuli za gesi bila kuchoka. (Mwalimu atakayelitamka jina hilo darasani na aanze na habari ya Maxwell, la sivyo kipindi kizima kitakwisha kwa mjadala wa mapepo.)

Je, dimoni iliyo kazini huamriwaje? Njia ya kale katika mfumo wa Unix ni ishara. Ishara namba 15 huiomba programu imalize kazi yake kwa utaratibu; namba 9 huiua papo hapo, wala programu haiwezi kuikataa. Namba 1 hapo awali ilimaanisha kwamba simu iliyounganisha kompyuta imekatika. Na kwa kuwa dimoni haina simu wala mtu mbele yake, waandishi wa programu waliigeuza kuwa amri ya kusoma upya faili la mipangilio. Kasoro ya ishara ni kwamba hubeba namba tu, tena haina jibu. Ni kama mtu wa upande huu wa bonde ampigiaye ukelele mchungaji wa upande wa pili: huenda mchungaji amesikia, huenda amesikia vingine, na ng'ombe wamo shambani. Mpangilio ukiwa na kosa la herufi moja, dimoni moja itaendelea na mpangilio wa zamani, nyingine itakufa, naye aliyetuma ishara hataambiwa lolote.

Kwa sababu hiyo dimoni zilizo bora zimepewa mlango maalumu wa amri, ulio mbali na mlango wa wateja. Seva ya majina iitwayo BIND, tangu toleo lake la 9 la mwaka 2000, hupokea amri katika mlango namba 953, na kila amri huthibitishwa kwa ufunguo wa siri. Knot, iliyotungwa na shirika la CZ.NIC la Jamhuri ya Cheki, inayo maktaba ya taratibu za kazi hiyo: fungua kiungo, tuma amri, pokea jibu, funga. Shirika hilo hilo ndilo lililotunga FRED, programu iliyochaguliwa pia kwa kusajili majina ya Tanzania yaishiayo na .tz.

Watauliza wengine: maktaba ya nini, ikiwa amri yaweza kuandikwa kwa vidole? Amri ya vidole humfaa mtu. Programu nayo ikiandikwa, mathalani ya kufunga intaneti ya bweni saa nne usiku, itabidi ijue kama seva imetii. Ikisoma maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu, itapotea siku maneno hayo yatakapobadilishwa katika toleo jipya. Taratibu za maktaba hurudisha jibu lililopangwa, ambalo programu yaweza kulipima.

Wengine watasema somo hili ni zito, na kwamba kijana wa kidato cha tatu ajifunze kwanza kupiga chapa. Hoja hiyo haina nguvu. Hazina ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Mahesabu yakaharibika, wataalamu wa nyumbani wakiwa wachache mno, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapiga chapa hawakukosekana wakati ule. Waliokosekana ni watu waliojua yanayotendeka ndani ya mashine.

Wala gharama si kubwa. Kompyuta moja yatosha, hata bila intaneti: programu moja ikae kama dimoni, ya pili iiletee amri, zote kwa lugha ya Python, ambayo taratibu za kuunganisha programu mbili zimo tayari katika maktaba yake. Mtihani mzuri usiulize amri iliyokubaliwa tu. Uulize dimoni ijibu nini ikiletewa amri isiyoijua. Uulize pia ni nani aruhusiwe kuufikia mlango huo, kwani mlango wa amri ulioachwa wazi kwa mtandao mzima ni hatari kuliko kutokuwa nao. Na uulize jibu lisipofika kwa sekunde kumi afanyeje mtumaji. Amri ya kusoma upya mipangilio yaweza kurudiwa bila madhara. Amri ya kuongeza alama tano kwa kila mtahiniwa, ikiwa ilikwisha kutekelezwa na jibu ndilo lililopotea njiani, itaongeza kumi.