MUULIZE, USIOGOPE

Mwaka huu sitaandika juu ya usafi wa mabweni. Nina jambo limenikaa rohoni.

Muhula uliopita mwenzangu mmoja, ambaye kitanda chake na changu vimepakana, alianza kugawa vitu vyake. Kamusi akanipa mimi, ndoo akampa mwingine. Sisi tukafurahia vya bwerere! Usiku halali, chakula hagusi, na ukimsemesha anakujibu, "Hata nisipokuwepo hakuna atakayejali." Tulidhani ni mawazo ya karo tu, maana kwao ni kule mpakani mwa mbuga ya Tsavo, na ndovu walikuwa wamemaliza mahindi yote shambani. Tukamwambia ajikaze. Nami nilisema hivyo hivyo, naona haya kuandika.

Kilichonizuia kumuuliza ni woga. Nilisikia tangu utotoni kwamba ukitaja kujiua mbele ya mtu, ndiyo umempa wazo. Kumbe sivyo! Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2014, liliihesabu imani hiyo miongoni mwa zile potofu. Basi jioni moja baada ya prepu nikajipa moyo nikamuuliza waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Alinyamaza, kisha akalia mpaka kengele ya kulala. Mimi sikuwa na hotuba. Nilikaa tu, nikasikiliza.

Akaniapisha nisimwambie mtu. Hapo ndugu zangu, nilivunja kiapo. Sikumwacha peke yake. Nilimtuma mwenzetu amwite matroni usiku ule ule, na asubuhi mwalimu wa ushauri nasaha akampeleka hospitali. Alininunia wiki mbili nzima. Wapo waliosema mimi ni mmbea. Na waseme! Siri ya mapenzi nitakutunzia, lakini hii hapana.

Wengine walinong'ona eti angefungwa jela. Ni kweli kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Lakini tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Ajabu ni kwamba ndimi zetu, kutoka Wundanyi hadi Taveta, bado zinahukumu. Anayeugua malaria tunampelekea uji, anayeumwa moyoni tunamcheka! Kwa nini?

Ukishindwa kumwambia mwalimu, piga 116, simu ya watoto, hailipiwi. Hali ikiwa mbaya usingoje kupambazuke. Hapa Voi tuna Hospitali ya Rufaa ya Moi.

Mwenzangu amerudi darasani. Siku zingine bado ni nzito kwake, naye huniambia. Juma lililopita alikuja kuchukua kamusi yake, akanigombeza kwa kuikunja kurasa.