ARUBUNI SI BIDHAA

Kutoka vilima vya Kiriri mtu huliona jiji la Bujumbura lote, pamoja na bandari yake katika Ziwa Tanganyika. Bidhaa nyingi zishukazo pale zimekwisha kutengenezwa kabla ya kupata mnunuzi. Lakini umeenea ulimwenguni utaratibu ulio kinyume: mnunuzi hulipa kwanza, kitu hutengenezwa baadaye. Askari na polisi hatuna budi kuuelewa, kwa kuwa umekwisha kubisha hodi katika simu zetu.

Asili yake yaonekana vizuri katika biashara ya vinyago vya kukusanywa. Kalibu ya kumiminia plastiki ni ya gharama kubwa, nayo gharama hiyo haibadiliki, kitolewe kinyago kimoja au elfu kumi. Kiwanda huogopa kukitengeneza kitu kipendwacho na watu wachache waliotawanyika duniani. Kwa hiyo huwahesabu kwanza. Mwaka 2018 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitangaza kwamba itatengeneza jahazi la filamu za Star Wars, kwa bei ya karibu dola 500, iwapo tu watapatikana wanunuzi 5,000. Walipatikana 8,810. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kampuni ya Reaper, itengenezayo vijisanamu vya mashujaa wa hadithi, ilichangiwa zaidi ya dola milioni 3.4 na watu 17,744 kwa njia ya Kickstarter. Katika njia hiyo, lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa fedha.

Hiyo ndiyo sura njema. Sura ya pili ni ya sanduku la kupozea vinywaji liitwalo Coolest Cooler. Mwaka 2014 lilichangiwa zaidi ya dola milioni 13, kupita lengo mara nyingi. Lakini gharama zilizidi bei iliyotangazwa, na kampuni ilipofungwa mwaka 2019, wachangiaji wapatao 20,000 walikuwa hawajapata kitu. Ni dhahiri basi kwamba wingi wa waliolipa si dhamana ya kazi.

Kwetu jambo hili si geni. Seremala huchukua arubuni ndipo akanunue mbao, na wananchi hucheza upatu. Lakini seremala twaujua mlango wake, na katika upatu kila mmoja amjua mwenziwe. Lililo jipya ni mpokeaji asiye na uso. Lumicash na EcoCash hupeleka faranga kwa dakika moja. Kuzirudisha ni safari nyingine.

Kwa hiyo askari anayeombwa kulipia mapema simu, pikipiki au kinyago cha mwanawe, na aulize mambo matatu. Mpokeaji ni nani, na yuko wapi? Fedha zitakaa mikononi mwa nani mpaka lengo lifikiwe? Kazi ikishindikana, nani atazirudisha? Asiyejibiwa na asilipe.

Nao ndugu zetu polisi wanao wajibu wao. Si kila achelewaye ni mwizi, maana biashara ya kweli nayo huweza kuanguka. Tapeli ni yule ambaye tangu siku ya kwanza hakukusudia kutengeneza chochote. Tofauti hiyo hupatikana katika ujumbe na risiti alizozihifadhi mlalamikaji. Mshahara wa askari ni jasho la mwezi mzima. Usitolewe kwa ahadi isiyo na mwenyewe.