Yossele Rosenblatt: Sauti, Deni na Meza ya Sabato

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akitajiwa wasifu wa mwimbaji, aghalabu fikira zake huelekea kwa Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert. Humo mshairi anamwandikia mwimbaji. Mwaka 1954, miaka minne baada ya Siti kufariki, kulichapishwa Marekani wasifu mwingine wa mwimbaji, ila huu uliandikwa na mtoto juu ya baba yake. Mwandishi alikuwa Samuel Rosenblatt, rabi wa mji wa Baltimore na msomi ambaye tayari alikuwa amefasiri kutoka Kiarabu kitabu kikuu cha falsafa cha Saadia Gaon. Baba mwenyewe alikuwa Josef Rosenblatt, ambaye Wayahudi wa pande zote za dunia walimwita kwa jina la mapenzi, Yossele.

Kila anapokumbukwa Yossele, hadithi inayotangulizwa ni ile ya mwaka 1918, alipoikataa opera. Ni hadithi tamu, na ni ya kweli. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba inamdhulumu marehemu, kwa kuwa inamkumbuka siku aliyokuwa na nguvu na kuipita upesi miaka aliyokuwa na deni.

Yossele alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Bila Tserkva, Ukraine, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya milki ya Urusi. Baba yake alikuwa hazani, yaani kiongozi wa sala kwa wimbo katika sinagogi, na mtoto alianza kuimba kando yake akingali mdogo sana. Alihudumu Munkács, Pressburg na Hamburg kabla ya kuvuka bahari mwaka 1912 na kuajiriwa na sinagogi la Ohab Zedek, Harlem, jijini New York. Kazi ya hazani inafaa kufafanuliwa hapa, maana bila ya kuielewa mengine yote huonekana ukaidi mtupu. Katika sinagogi la Kiorthodoksi ala hazipigwi siku ya Sabato. Sauti ya mtu ndiyo ala pekee. (Msomaji wa pwani aliyepata kusikia mabishano juu ya kaswida na matari hatashangazwa na hili.) Tena hazani haimbi kwa ajili yake. Yeye huitwa mjumbe wa kutaniko, anayepeleka mbele ya Mungu maombi ya watu ambao pengine hawawezi kuyapeleka wenyewe. Mjumbe mwaminifu haujengi ujumbe wa watu ukawa nyumba yake.

Na sauti yenyewe ilikuwaje? Santuri zake zipo na zinasikilizwa hadi leo. Mambo mawili hujitokeza mara moja. La kwanza ni wepesi wake wa kupanda kutoka sauti ya kiume hadi sauti nyembamba mithili ya mtoto, bila ya mshono kuonekana. La pili ni kule kuvunjika kwa sauti katikati ya neno, kama mtu anayezuia kwikwi asilie mbele za watu. Wanaosomea mahadhi wangefaidika kumsikiliza hata kama hawajui neno la Kiebrania, kwani kilio hicho hakitokei ovyo. Hutokea pale ambapo maneno ya sala yanalemea.

Sauti hiyo ndiyo iliyomvutia Cleofonte Campanini, mkurugenzi wa opera ya Chicago. Alimwahidi dola 1,000 kwa kila onyesho ili aigize Eléazar, sonara Myahudi katika opera ya Halévy iitwayo La Juive. Masharti yalilegezwa kadiri ilivyowezekana: asingelazimishwa kunyoa ndevu, wala kuimba siku ya Sabato. Yossele alikataa. Wengi huona katika kukataa huko chuki ya mtu wa dini dhidi ya jukwaa. Aliyeisoma opera hiyo ataona jambo jingine. Katika sehemu ya pili Eléazar anaongoza karamu ya Pasaka nyumbani mwake, na anasali. Mjumbe wa kutaniko angetakiwa kuigiza sala, usiku baada ya usiku, kwa malipo, mbele ya watu waliokuja kutazama. Nafasi ya Eléazar iliimbwa baadaye New York na Enrico Caruso, na ndiyo aliyoiimba mara yake ya mwisho jukwaani mnamo Desemba 1920. Caruso hakuwa na la kupoteza kwa kuigiza sala hiyo, lakini Yossele alikuwa nalo.

Ingawa hivyo, ukweli usemwe. Mwaka 1918 Yossele alikuwa na kazi, jina na mshahara. Kukataa fedha kukiwa na chakula mezani ni jambo la kusifiwa, lakini halijapimwa bado.

Kipimo kilikuja baadaye. Alikuwa ametia fedha zake katika gazeti la kidini lililoitwa The Light of Israel, akiamini kwamba analihudumia taifa lake. Gazeti lilianguka, likamwangusha naye, na mwaka 1925 akatangazwa kuwa amefilisika. Alikuwa baba wa familia kubwa. Huyu aliyeikataa opera akaingia katika vodevili, yale maonyesho ya mchanganyiko ambamo mwimbaji hupanda jukwaani baada ya mchekeshaji na kabla ya wanasarakasi. Alizunguka Marekani mji kwa mji ili alipe madeni. Baadhi ya waliompenda waliona aibu, na hata leo kumbukumbu nyingi huitaja miaka hiyo kwa sentensi moja kisha zikakimbilia mazishi.

Aibu hiyo haina msingi. Alipanda jukwaa la vodevili na ndevu zake, kofia yake ya ibada na joho lake refu jeusi. Ijumaa jua likitua, hakuimba, na wenye kumbi walilazimika kuipanga ratiba kwa kuizunguka Sabato yake. Mtu mwenye deni ndiye anayeombwa alegeze kidogo, na ndiye mwenye udhuru wa kulegeza. Yossele alikuwa na udhuru huo kila wiki na hakuutumia. Kama msimamo wa mwaka 1918 ulikuwa ahadi, basi miaka ya vodevili ndiyo iliyoilipa.

Mwaka 1927 aliombwa tena kuigiza sala. Kampuni ya Warner Brothers ilikuwa ikitengeneza The Jazz Singer, filamu juu ya kijana wa hazani anayelikimbia sinagogi la baba yake ili aimbe jukwaani. Yossele hakukubali kuimba humo Kol Nidre, sala ya usiku wa Siku ya Upatanisho. Alikubali kuonekana kama yeye mwenyewe, akiimba katika tamasha wimbo wa Kiyidi juu ya mshumaa wa kuwakumbuka wafu. Kol Nidre ikaimbwa na Al Jolson, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa hazani. Mpaka aliouchora Yossele unaonekana hapo waziwazi: wimbo unaweza kupanda jukwaani, lakini sala haiigizwi.

Mpinzani atasema kwamba mpaka huo ulikuwa na matundu, maana Yossele alizirekodi sala katika santuri na kuziimba kumbini kwa kiingilio. Hoja hii ni nzito na mapenzi hayatoshi kuijibu. Yamkini yeye alitofautisha kuimba sala kama mwenyewe na kuiimba kwa kuvaa uso wa mtu mwingine. Si kila rabi angeiridhia tofauti hiyo. Lakini bila ya santuri hizo asingalisikika leo nje ya wale waliopata kuketi sinagogini mwake, na ni vigumu kuitamani hali hiyo.

Mwaka 1933 alikwenda Palestina kuimba katika filamu kuhusu nchi takatifu. Moyo ulisimama tarehe 19 Juni, kazi ikiwa bado inaendelea, naye akiwa na umri wa miaka 51. Rabi mkuu Abraham Isaac Kook alitoa taabini, mahazani Hershman na Kwartin wakaimba, na akazikwa katika Mlima wa Mizeituni.

Watoto wake walibaki na jina, na Samuel akaliandikia kitabu. Kutaniko lilibaki na kitu kingine. Yossele alitunga mahadhi ya Zaburi ya 126, inayoimbwa mezani siku ya Sabato kabla ya shukrani za baada ya chakula. Wapo waliotaka mahadhi hayo yawe wimbo wa taifa. Hayakuwa, yalibaki mezani. Huimbwa na baba asiye na sauti, mama aliyechoka na watoto wanaogombea kiti, na wengi wao hawajui ni nani aliyeyatunga.