UTITIRI NI MDOGO, SUMU NI KUBWA



Kila kiangazi swali moja huwarudia wajumbe wa chama, kutoka mashamba ya chai, kutoka mabanda ya maua, na hata kutoka makambi tunamoishi na watoto wetu. Vile vidudu vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, vinavyokimbia juu ya saruji ya baraza au kujaa juu ya majani, vifanywe nini? Jibu la wakubwa wa kazi hutoka upesi: leteni mabomba, pigeni dawa.

Maoni yetu ni kwamba jibu hilo mara nyingi si sahihi, na hata linapokuwa sahihi halitekelezwi kwa haki. Anayeamua dawa ipigwe yuko ofisini. Anayeivuta puani yuko kwenye mstari wa chai, na bomba mgongoni.

Kwanza tumjue mdudu mwenyewe, maana si kila chekundu ni adui.

Wale wekundu wanaokimbia huku na huko juu ya saruji, ukuta na ngazi wakati wa jua kali ni utitiri wasio na madhara makubwa. Chakula chao ni chavua ya maua na vidudu vingine vidogo, na wengine hufyonza majani yaliyo karibu na nyumba. Hawatoboi ukuta wala hawaharibu mbao. Ukimponda mmoja huacha doa jekundu kama damu, na ndiyo maana watu hushtuka. Fagio na ndoo ya maji vinatosha, na baada ya wiki chache hutoweka wenyewe.

Wale wakubwa kidogo, laini kama mahameli, wanaotoka ardhini mvua za kwanza zinaponyesha, nao hawana ubaya. Hula wadudu wengine, wakiwemo mchwa. Waacheni wapite.

Wa tatu ni utitiri wa kuku. Huyu hujificha mchana katika nyufa za banda, na usiku hutoka kunyonya damu ya kuku. Akizidi huwasha hata watu. Dawa yake ya kwanza ni usafi: ondoa matandiko ya zamani ya viota uyachome, kwangua nyufa, paka chokaa.

Basi katika hao watatu hakuna hata mmoja anayehitaji bomba la shambani lipelekwe mlangoni pa nyumba ya mfanyakazi. Baraza ndipo mtoto anapotambaa na mama anapochambua mboga. Mtu akija kambini na dawa iliyobaki kutoka shambani ili "kuwasaidia" wenye nyumba, msimkubalie. Dawa ya shambani si dawa ya nyumbani.

Sasa tuje kwa wa nne, ambaye ndiye mharibifu wa kweli. Utitiri mwekundu wa chai hukaa zaidi upande wa juu wa jani lililokomaa. Hutoboa ngozi ya jani na kufyonza maji yake, na jani hugeuka rangi, likawa la shaba, kisha likakauka na kuanguka. Jina lake la kitaalamu lilitokana na kahawa, kwa sababu mwaka 1861 alielezwa kwa mara ya kwanza kutoka mashamba ya kahawa ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndugu zake wanashambulia mawaridi katika mabanda ya maua, na mwingine, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana Kenya mwaka 2001, huwatesa wakulima wa nyanya. Mdudu huyu hafiki nusu milimita, lakini kukiwa na joto hukua kutoka yai hadi utu uzima kwa muda wa wiki mbili au pungufu. Ndiyo maana doa dogo la Jumatatu linaweza kuwa shamba zima mwezi ukiisha.

Hatusemi basi kwamba mwenye shamba analia bure. Chai ikikauka, mchumaji hapati kilo. Maua yakikataliwa sokoni, kazi za vibarua ndizo za kwanza kukatwa. Hasara ya shamba hutufikia na sisi, tena mapema. Lakini swali letu linabaki: je, bomba ndilo njia ya kuokoa shamba?

Tazameni jinsi utitiri anavyoishi. Hana miguu sita kama mdudu wa kawaida. Akikomaa ana minane, kwa sababu yeye ni wa ukoo wa kupe na buibui. Kwa hiyo dawa nyingi za kuulia wadudu hazimwui. Zinachoua ni wale wadudu wema waliokuwa wakimla. Shamba linapopigwa dawa ya namna hiyo, mlinzi amekufa na mwizi amebaki, na baada ya wiki chache wekundu unazidi kuliko mwanzo. Jambo hili limejulikana tangu siku ambazo DDT ilianza kutumiwa mashambani kila mahali, baada ya Vita Kuu ya Pili. Utitiri, ambaye zamani alikuwa mdudu wa kupuuzwa, akawa tatizo la dunia nzima.

Tena utitiri huzoea sumu. Yule wa mabanda ya maua amekwisha kujulikana kushinda zaidi ya aina 90 za sumu, hapa na pale duniani. Kwa hiyo nyapara anaposema, "Hawajafa, rudieni na muongeze kipimo," anarudia kosa lilelile kwa nguvu zaidi. Utitiri aliyeizoea sumu hafi. Mpulizaji hana njia ya kuizoea. Mapafu yake hayawezi.

Hebu tukumbuke dikofoli. Kwa miaka mingi hii ilikuwa dawa mashuhuri ya kuulia utitiri, nayo ilitumika kwenye chai, pamba na matunda katika nchi nyingi. Ilitengenezwa kutokana na DDT yenyewe. Mwaka 2019 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Stockholm yaliiweka katika orodha ya sumu zinazopaswa kukomeshwa. Tuulize: wale walioibeba mgongoni kabla ya 2019, nani aliwaambia kuna nini ndani ya kopo? Nani aliandika majina yao? Dawa ikipigwa marufuku, kopo huondolewa ghalani. Aliyeivuta haondolewi kitu mwilini.

Wala hatari si ya mpulizaji peke yake. Mwezi Oktoba 2016, katika shamba moja la maua nchini Uganda, makumi ya wafanyakazi waliugua baada ya kuingia mahali palipokuwa pamewekwa dawa ya kuulia wadudu wa udongoni. Hao hawakuwa wapulizaji. Walikuwa watu waliokwenda kazini asubuhi kama siku zote. Dawa ile haikuwa ya utitiri, lakini funzo ni lilelile: banda lililopigwa dawa halionyeshi hatari kwa macho. Ni lazima pawepo bango, muda wa kungoja, na mtu mwenye mamlaka ya kusema, "Hakuna kuingia."

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na wafanyakazi wengi wanaijua bila kufundishwa. Mchumaji wa chai anajua kwamba mistari iliyo kando ya barabara ndiyo huwa mekundu kwanza. Sababu ni vumbi. Utitiri hupenda jani lenye vumbi na mti wenye kiu. Barabara za shamba zikimwagiwa maji wakati wa kiangazi, miti ya kivuli ikitunzwa, na shamba likipogolewa na kutiwa mbolea kwa wakati wake, utitiri hupungua. Mvua kubwa nayo huwasomba.

Mfanyakazi wa maua anajua pia kwamba utitiri husafiri kwenye nguo. Ukianzia kazi katika banda lenye ugonjwa kisha ukaenda kwenye banda safi, umewabeba wewe mwenyewe. Kwa hiyo ratiba ya kazi ianzie pasafi na kumalizia penye doa. Jambo hilo haligharimu hata senti.

Kisha kuna utitiri anayemla utitiri. Huyu ana rangi ya machungwa na hukimbia kuliko windo lake. Mwaka 1958 alifika Ujerumani bila kukusudiwa, pamoja na maua ya okidi yaliyotoka Chile, na wataalamu wakagundua kwamba chakula chake ni utitiri waharibifu. Toka hapo akaanza kufugwa. Siku hizi hufugwa na kuachiwa katika mabanda ya maua ya Kenya pia, na mashamba yanayomtumia yamepunguza dawa za utitiri. Lakini mlinzi huyu hawezi kuishi pale ambapo sumu kali inapigwa kila wiki. Mwenye shamba lazima achague.

Na hapa ndipo maslahi ya mfanyakazi yanapoonekana wazi. Njia hiyo inahitaji watu: wa kukagua majani kila siku, kuhesabu, kutia alama kwenye madoa, na kuachia wale walinzi mahali panapostahili. Kazi hiyo ni ya ujuzi. Mkaguzi anayetambua doa likiwa na ukubwa wa meza ameokoa ekari nzima, na mapipa ya dawa hayakufunguliwa. Pamoja na hayo, katika mashamba mengi mkaguzi analipwa kama kibarua wa kawaida. Kama shamba linaokoa fedha kwa macho yake, basi macho hayo yalipwe.

Wako watakaosema haya ni mambo ya mabwana shamba, chama kishughulikie mishahara. Hatukubaliani nao. Mshahara unaokwenda wote hospitalini si mshahara. Na sheria ziko upande wetu, kama tukizitumia. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba anayejitoa mahali penye hatari kubwa ya papo kwa papo, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe isivyo haki. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 unahusu kilimo hasa, nao unatoa haki ya kuelezwa na kushauriwa, na unataka hatua zichukuliwe kwa ajili ya wajawazito na wanaonyonyesha. Mwezi Juni 2022 Shirika hilo liliamua kwamba mahali pa kazi pa salama ni miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Katika nchi zetu nako ziko sheria: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya 2006, na Kenya ya 2007, ambayo inataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Sheria ikilala ndani ya kabati la ofisi haimkingi mtu. Sisi ndio wa kuiamsha.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lipeleke madai haya kwenye mazungumzo ya mkataba wa hali bora za kazi:

1. Kabla ya kupiga dawa, ukaguzi ufanyike na doa litiwe alama. Palipo na ugonjwa ndipo papigwe, si shamba zima.

2. Jina la dawa, madhara yake na saa za kungoja kabla ya kuingia ziandikwe ubaoni kwa lugha inayosomwa na wafanyakazi, na zisomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

3. Ovaroli, buti, glovu, miwani na barakoa inayofaa kwa dawa hiyo vitolewe bure na vifuliwe kazini. Nguo yenye sumu isibebwe nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

4. Wapulizaji wapimwe na daktari kwa vipindi, na kila mmoja apewe majibu yake mwenyewe.

5. Mama mjamzito au anayenyonyesha asipewe kazi ya dawa, na kuhamishwa kwake kusipunguze mshahara.

6. Wakaguzi wa wadudu wapandishwe daraja kama mafundi.

7. Dawa za shamba zisipigwe katika nyumba za makambi, na makopo matupu yatobolewe na kurudishwa ghalani. Asitokee mtu wa kuchotea maji.

Neno la mwisho ni kwa mpulizaji mwenyewe. Kabla ya kufungua kopo, tazama ukanda wa rangi ulio chini ya karatasi yake. Kijani na buluu ni za hatari ndogo zaidi, ingawa nazo ni sumu. Njano ni hatari. Nyekundu ni hatari kupita zote. Ukiumwa kichwa, ukitoka jasho jingi, ukitapika au kifua kikibana, acha kazi hapo hapo, mwambie mjumbe wako, na uende zahanati pamoja na karatasi ya dawa ili mganga ajue amtibu nini. Usingoje kumaliza kipande.

Utitiri mwekundu aliye juu ya jani ataondoka mvua zikianza. Ukanda mwekundu ulio kwenye kopo ndio wa kuogopwa, na huo hauondolewi na mvua. Utaondolewa na wafanyakazi waliokaa pamoja, wakajua wanachopewa kubeba, wakasema kwa sauti moja kwamba hawatakibeba gizani.