MAISHA YA JAMAA: Siku ya retreti, nani atalipa dawa?



Katika miji yetu ya migodi watu wengi wanawaza kwamba retreti ni mambo ya franga tu: hesabu ya mwisho ni ngapi, tutanunua mabati ngapi, tutajenga wapi. Ulizo lingine linasahauliwa: siku tutakapougua, tutaingia hospitali gani, na nani atalipa?

Tuelewe kwanza. Mtu akiwa kazini, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002 inamlazimisha patroni kumtunza yeye, bibi yake na watoto wao wakiugua. Ndiyo maana jamaa nyingi zimezoea kwenda hospitali ya kompani na karti mkononi, bila kufungua mfuko. Lakini kontra ikiisha, karti nayo inakufa. Mwaka wa 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango ulioitwa « départ volontaire ». Jamaa nyingi zilipokea franga, kisha zikaona kwamba hospitali na masomo vimekwenda pamoja na kazi.

Wengine wanasema: « Hakuna mashaka, CNSS itatuchunga. » Bandugu, hapana. CNSS, ile tuliyoita INSS zamani, iko na kazi tatu: pensioni, posho za jamaa, na ajali au magonjwa ya kazi. Sukari, malaria, damu kupanda, hayo hayamo. Lakini kama ugonjwa umetoka katika kazi yenyewe, kama vile mapafu kuharibika na vumbi la mgodi, hayo yamo. Basi baba anayekohoa miaka na miaka asitoke kazini kimyakimya. Apimwe na dokta, na karatasi ya dokta aichunge vizuri, kwa sababu ugonjwa wa vumbi unaweza kujionyesha nyuma ya miaka mingi.

Pensioni nayo iko na masharti. Kwa sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, inaombwa miaka 60 ya kuzaliwa, miezi 180 ya kulipiwa, ni kusema miaka 15, na kuacha kazi ya mshahara. Kila mwezi mtumishi anakatwa 5% na patroni anaongeza 5%. Tazama karatasi yako ya mshahara. Kisha fika wewe mwenyewe kwenye biro ya CNSS, uulize miezi yako mingapi imeandikwa. Afadhali kujua ukiwa na miaka 50, ungali na nguvu ya kudai, kuliko kujua siku ya kwaheri.

Makaratasi yanasumbua sana. Watu waliozaliwa kabla ya 1972 wengi wako na majina mawili: lile la ubatizo, na lile la wakati wa Mobutu, majina ya kizungu yalipokatazwa. Karti moja inasema hivi, nyingine vile. Mtayarishe mapema yapatane. Wamama, sikieni vizuri: cheti cha ndoa cha kanisa ni kitu kitakatifu, lakini biro ya serikali inataka ndoa iliyoandikwa kwenye etat civil. Mahari peke yake haitoshi. Baba akifariki, mjane asiye na karatasi hiyo atateseka kudai haki yake.

Na dawa je? Serikali ilianza mpango wa afya kwa wote tarehe 5 mwezi wa 9, 2023 huko Kinshasa. Ulianza na wamama wanaozaa na watoto wachanga, haukuanza na wazee. Tuufurahie, lakini tusikae tukingoja. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2, 2017 inaruhusu watu kujiunga katika mituweli ya afya: kila mmoja anatoa kidogo, mgonjwa anasaidiwa na wote. Mituweli nyingi ziko na miezi ya kungojea kabla ya kuanza kulipa. Kwa hiyo ingieni wakati mshahara ungaliko. Ulizeni vizuri: ni hospitali gani wanayokubali, wazee wanapokelewa, dawa za kila siku zinalipwa?

Vijana, msiseme: « Hayo ni mambo ya wazee. » Mama mwenye damu kupanda akikosa vidonge, ni ninyi mtakaokimbia usiku kutafuta mkopo. Amri ya kuheshimu baba na mama inaweza kuanza na kazi ndogo: mpeleke baba kwenye biro, msomee fomu, fanya fotokopi.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Makaratasi ya kazi ya baba au mama yako wapi? Nani mwingine anajua?
2. Ndoa yetu imeandikwa kwenye etat civil?
3. Karti ya hospitali ikiisha kesho, tutafanya nini?

Mungu awape wazee wetu uzee wa amani, nasi atupe akili ya kuutayarisha.