Mji wa Amir Abdulqadir katika mashamba ya Iowa



Ndugu msomaji, ukiitazama ramani ya Marekani, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi, utaiona kaunti ya Clayton. Ni nchi ya vilima, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Makao yake makuu ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 1,200, nao unaitwa Elkader. Jina hilo ni la Mwislamu, Amir Abdulqadir bin Muhyiddin, aliyewaongoza watu wa Algeria kupigana na Wafaransa walioivamia nchi yao.

Mji huo ulipimwa mwezi Juni 1846, miezi michache kabla Iowa haijawa jimbo kamili. Mmoja wa waasisi wake, mwanasheria Timothy Davis, ndiye aliyelichagua jina. Amir alikuwa bado yumo vitani, wala hakuwahi kuikanyaga ardhi ya Marekani. Basi nini kiliwafanya walowezi wa Kikristo, katika nchi ya mbali kiasi hicho, wauite mji wao kwa jina la shekhe wa Kiarabu?

Habari zake ziliwafikia. Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, katika nyumba ya elimu. Baba yake alikuwa shekhe wa tariqa ya Qadiriya, tariqa ileile tunayoijua hapa kwetu Bagamoyo na Unguja. Mwaka 1832, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alipewa baia ya uongozi. Akapigana miaka 15 na dola iliyomzidi watu na silaha, lakini akaweka kanuni za kuwatendea mateka kwa ubinadamu, na akawa tayari kumpokea kasisi awahudumie mateka wa Kikristo. Surat al-Maida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Amir aliyatenda mafundisho hayo uwanjani, palipo pagumu kuliko pote.

Alisalimu amri Desemba 1847 kwa ahadi ya kupelekwa Iskandaria au Akka. Ahadi ikavunjwa, akafungwa Ufaransa hadi mwaka 1852. Kisha akahamia Bursa, na baadaye Damascus. Huko, mwaka 1860, fitina ilipozuka na Wakristo wakawa wanauawa mitaani, yeye na wafuasi wake wa Kialgeria waliwaingiza maelfu yao katika hifadhi yao na kuwalinda kwa silaha. Ufaransa iliyomfunga ikamtunuku nishani ya juu. Mji wa Elkader ulikuwa umekwisha kuwa na miaka 14, na kumbe wenyeji wake hawakukosea walipolichagua jina.

Atembeleaye kaunti hiyo leo ataonyeshwa mengi. Katikati ya Elkader lipo daraja la mawe la mwaka 1889, lenye matao mawili juu ya mto Turkey. Upo ukumbi wa maonyesho wa mwaka 1903, ungali unatumika. Ipo nyumba ya kale ya familia ya Carter, iliyogeuzwa makumbusho. Nje ya mji, kando ya mto huohuo, kinasimama kinu cha nafaka cha Motor, jengo la mawe lenye ghorofa sita lililojengwa miaka ya 1860. Mji uliotarajiwa kukua pale ulikufa zamani, lakini kinu wamekihifadhi. Na kaskazini, kwenye mpaka wa kaunti, juu ya kingo za Mississippi, vipo vilima vya udongo zaidi ya 200 vilivyofinyangwa na wenyeji wa asili kabla Wazungu hawajafika, vingine kwa umbo la dubu na la ndege.

Wala hawakutunza mawe peke yake. Mwaka 1984 Elkader na Mascara ziliunganishwa kuwa miji dada. Mafuriko yalipoukumba mji huo mwaka 2008, serikali ya Algeria ilipeleka msaada wa fedha. Uadilifu wa mtu mmoja, aliyefariki mwaka 1883, ulikuwa bado unawavuta watu wa dini mbili kusaidiana.

Nimeyaandika haya kwa sababu jambo moja limenikaa moyoni. Kamati yetu ya msikiti ilitakiwa kuonyesha hati ya wakfu wa kiwanja kilicho nyuma ya msikiti. Sisi tuliokua hapa tulijua sote kwamba ni wakfu. Nilipekua makabati, nikafungua madaftari yaliyoliwa na mchwa, nisione kitu. Mzee wa mwisho aliyekuwa shahidi wa wakfu huo alikuwa amefariki miezi minne kabla. Leo pana maduka, na kodi yake haiingii msikitini. Warithi wa aliyetoa siwalaumu, kwani nao hawakuwahi kuambiwa. Najilaumu mimi, katibu, niliyempita mzee yule barazani kila Ijumaa nisimuulize.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Surat al-Baqara, inatuamrisha kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la muda linaandikwa, wakfu wa milele una haki zaidi ya kuandikwa. Mji wa watu 1,200 umehifadhi kinu kisichosaga tena. Sisi tunapoteza majina ya waliotujengea mahali pa kusujudu, na watoto wetu wanakua bila kujua kama waliwahi kuwa na wazee wema.

Basi wiki hii, baada ya Isha, mkalishe mzee wa nyumba yako. Muulize nani alitoa kiwanja cha msikiti wenu, nani alichimba kisima, nani aliwasomesha wengine bila malipo, na nani aliishi kwa wema na majirani wasio Waislamu. Mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike, mzee atie sahihi, na nakala moja ifikishwe kwa katibu wa msikiti wenu. Kwetu daftari jipya limekwisha nunuliwa.

Allah (SW) awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuitunza amana yao.

Wabillahi tawfiq.