Imepita ukaguzi, kwa hiyo?

Wiki hii sina habari za boom wala ratiba ya UE. Nina ugomvi na sentensi moja tu: "Imepita ukaguzi." Imesemwa chumbani kwetu siku tatu mfululizo kama vile ndiyo neno la mwisho, na mimi nasema sentensi hiyo inaweza kuua mtu.

Kisa chenyewe kifupi. Kaka yake mshkaji wangu anataka kununua Honda ST1100 ya mwaka 1998. Ni yale mapikipiki makubwa ya safari ndefu: silinda 4, cc 1,084, shafti badala ya cheni, tanki la lita 28. Imetoka Uingereza, na muuzaji anakitembeza cheti chake cha MOT kama bi harusi anavyoonyesha pete. Likizo ikifika kaka mtu ataendesha, mshkaji atakaa nyuma, mabegi pembeni, Dar mpaka Mbeya. Zaidi ya kilomita 800 hizo! Nikiuliza breki zikoje, najibiwa imepita ukaguzi. Tairi je? Imepita ukaguzi. Mwe!

Sasa sisi watu wa ualimu tumekaririshwa kwenye somo la upimaji na tathmini kwamba kila mtihani uulizwe maswali mawili. Kwanza, ukirudiwa utatoa majibu yale yale? Pili, unapima kile ambacho watu wanadhani unapima? Ukaguzi wa chombo cha moto ni mtihani, kwa hiyo na wenyewe ujibu.

Swali la kwanza. Kuna vitu vina namba. Kina cha mitaro ya tairi la pikipiki kubwa kule Uingereza kisipungue milimita 1 kwenye robo tatu ya upana wake. Hapo wakaguzi wawili watakubaliana. Lakini beringi ya gurudumu imelegea kiasi gani? Paipu ya mpira ya breki imechanika kiasi cha kukataliwa au cha kuandikiwa onyo tu? Hapo anayeamua ni mkono na jicho la mtu, na jicho la saa mbili asubuhi sio jicho la saa kumi na moja jioni. Aliyewahi kusahihisha insha za madarasa matatu akiwa TP ananielewa.

Swali la pili ndilo baya zaidi. Ukaguzi wa MOT haugusi hali ya injini, klachi wala giaboksi. Mkaguzi hafungui kitu, anaangalia kinachoonekana. Na cheti kinazungumzia siku ile ile ya ukaguzi, basi. Hakijaahidi kesho. Sisi ndio tunaokiwekea ahadi mdomoni.

Chukua mafuta ya breki. Aina ya DOT 4 hufyonza unyevu wa hewani taratibu. Yakiwa mapya, kiwango kinataka yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho cha chini kinashuka mpaka 155. Mkaguzi anapima breki kwa sekunde chache, pikipiki haina abiria wala begi, hakuna kinachopata moto. Itapita tu. Halafu ishushe Kitonga wakati wa kurudi Dar, watu wawili na mizigo juu ya chuma cha karibu kilo 300, breki zinashikwa kona baada ya kona, malori mbele na nyuma. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unavuta breki, inaingia mpaka mwisho, pikipiki haisimami. Cheti kiko mfukoni.

Tairi nalo hivyo hivyo. Pikipiki za aina hii nyingi hukaa banda la gari miaka, zinatembea msimu mmoja. Mitaro inabaki mirefu, mpira unakuwa mkavu kama soli ya kiatu cha zamani. Ubavuni kuna tarakimu nne: 1114 maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mwaka 2021 Uingereza walipiga marufuku tairi za zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Pikipiki hazikuwekwa. Tena chombo kikizidi miaka 40 bila kubadilishwa sana, hakidaiwi MOT kabisa! Yaani babu anasamehewa mtihani kwa sababu ni babu.

Najua kuna wanaosema ukaguzi wenyewe ni kazi bure. Wanamtaja Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California: ripoti yake ya mwaka 1981 ilikuta ubovu wa chombo umesababisha chini ya asilimia 3 ya ajali za pikipiki, na nyingi kati ya hizo zilikuwa pancha. Ufaransa waendesha pikipiki waliupinga ukaguzi miaka na miaka, mpaka ukaanza tarehe 15 Aprili 2024. Sawa. Lakini hiyo asilimia ni wastani wa mapikipiki ya kila namna. Kaka mtu hanunui wastani. Ananunua moja, ya 1998, na anampakia mdogo wake.

Mimi sisemi ukaguzi ufutwe. Nasema usomwe kama coursework, usisomwe kama UE moja. Historia ya MOT iko kwenye intaneti, bure, unaingiza namba ya usajili tu. Utaona maili za kila ukaguzi, ilifeli nini, ilionywa nini. Kama onyo la kutu limeandikwa miaka minne mfululizo na hakuna aliyegusa, hapo umeijua tabia ya mwenye pikipiki. Kisha mtafute fundi asiyelipwa na muuzaji. Afungue magurudumu, abadilishe mafuta ya breki, akague paipu na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, maana chumvi ya barabara za Ulaya hula chuma kimya kimya. Ainyanyue mbele, azungushe usukani polepole asikilize kama unakwama katikati. Mwisho ipakie mizigo, uijaribu karibu na nyumbani kwanza.

Muuzaji akikataa kufunguliwa magurudumu, ondoka. Kama cheti chake ni cha kweli, fundi ataogopwa kwa nini?

Unayebisha, njoo na hoja, cheti kiache nyumbani. Nawasilisha.